Maneno ya Kiongozi wa Okestra: Ufafanuzi wa Simfonia na Nafasi ya Kiswahili katika Kuchambua Muziki wa Dansi wa Dar es Salaam

1. Utangulizi

Katika uchambuzi wa sanaa nchini Tanzania, wimbo umezoeleka kusomwa kama shairi. Mchambuzi huyaandika maneno yake, huyagawa katika beti, kisha huyachunguza kwa vigezo vya fani na maudhui: dhamira, ujumbe, tamathali za semi, matumizi ya methali. Utaratibu huu umezaa matunda mengi. Pamoja na hayo, una upungufu mmoja wa msingi: unampa msomaji maneno bila ya muziki ulioyabeba. Gitaa lililomjibu mwimbaji, besi iliyoshikilia mwendo, saksafoni zilizoingia baina ya beti, vyote hivyo hubaki nje ya ukurasa. Matokeo yake ni kwamba nyimbo mbili zenye maneno yanayofanana huonekana kuwa kitu kimoja, hata kama wasikilizaji wake hawajapata kuzichanganya.

Makala hii inakusudia kueleza namna upungufu huo unavyoweza kupunguzwa. Kwanza inatazama mfano kutoka nje, yaani rekodi na maelezo ya mdomo ya simfonia yaliyotolewa na Leonard Bernstein (1918-1990), kiongozi wa okestra na mtunzi wa Marekani. Pili, inaupima mfano huo kwa muziki wa dansi uliokulia katika kumbi za Dar es Salaam, hususan katika wilaya za Kinondoni na Temeke. Hoja ya makala ni kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kuchambulia muziki. Maneno hayo yamo vinywani mwa wanamuziki wenyewe, na yasipokusanywa wangali hai yatazikwa pamoja nao.

2. Suala la Istilahi

Yafaa kuanza na jina la mhusika. Mtu anayesimama mbele ya okestra na kuiongoza kwa mikono au kwa kijiti hawezi kuitwa kondakta kwa Kiswahili cha Dar es Salaam bila kuleta kicheko, kwa kuwa neno hilo, pamoja na kifupisho chake konda, lilikwisha kupewa mtoza nauli wa daladala. Kwa sababu hiyo makala hii inatumia kiongozi wa okestra. Istilahi hiyo inakaribiana na kiongozi wa bendi, ambayo imekuwa ikitumika kwa miaka mingi katika muziki wa dansi. Makanisani, mwenye kazi hiyo huitwa mwalimu wa kwaya, na jina hilo lina maana kubwa: linakiri kwamba anayeongoza ndiye anayefundisha.

Simfonia, kwa upande wake, ni utungo mrefu wa ala nyingi, ambao kwa kawaida hugawanyika katika sehemu nne zenye mwendo tofauti. Mara nyingi hauna maneno. Beethoven alipowaingiza waimbaji katika Simfonia ya Tisa mwaka 1824, alifanya jambo lisilokuwa la kawaida. Kutokana na kukosa maneno, simfonia humweka mchambuzi mahali pagumu: hana beti za kunukuu wala methali ya kufafanua. Analazimika kuzungumzia sauti zenyewe. Kwa mtaalamu wa fasihi aliyezoea kuegemea maneno ya wimbo, hili ni zoezi la manufaa.

3. Bernstein na Simfonia Zinazoelezwa

Mwaka 1953 Bernstein alirekodi simfonia tano kwa ajili ya kampuni ya Decca ya Marekani: ya Tatu ya Beethoven, ya Pili ya Schumann, ya Nne ya Brahms, ya Sita ya Tchaikovsky, na ile ya Dvořák iitwayo Kutoka Dunia Mpya. Okestra iliyopiga ilikuwa ile ya maonyesho ya kiangazi ya Uwanja wa Lewisohn mjini New York. Jambo lililozipambanua rekodi hizo ni kwamba ziliandamana na maelezo ya mdomo. Katika maelezo hayo kiongozi mwenyewe anazungumza, anakatiza usemi wake ili kipande cha muziki kisikike, kisha anaendelea kufafanua kilichosikika. Msikilizaji aliyekuwa nyumbani na santuri yake alipata simfonia, na akapata pia mtu wa kumshika mkono.

Tarehe 14 Novemba 1954 Bernstein aliipeleka njia hiyo katika televisheni, katika kipindi kilichoitwa Omnibus, alipoeleza sehemu ya kwanza ya Simfonia ya Tano ya Beethoven. Ukurasa wa kwanza wa utungo huo ulichorwa kwa ukubwa sakafuni mwa studio, na wanamuziki wakasimama juu ya mistari ya ala zao. Kisha wale ambao ala zao hazikutumiwa na Beethoven katika mwanzo wa simfonia wakaondolewa, hadi wakabaki wapigaji wa ala za nyuzi na wa klarineti tu. Kwa tendo hilo mtazamaji aliona kwa macho kwamba kutunga ni kuchagua, na kwamba kuchagua ni kukataa.

Bernstein aliendelea mbele zaidi. Beethoven aliacha madaftari yenye rasimu za muziki aliokuja kuutupa. Bernstein aliwapa wanamuziki baadhi ya rasimu hizo wazipige, akazirudisha mahali ambapo zingekuwa, ili msikilizaji ajipimie kwa nini zilikataliwa. Badala ya kuambiwa kwamba Beethoven alikuwa mtunzi bora, msikilizaji alisikia toleo dhaifu likifuatwa na toleo imara, na hukumu akaachiwa mwenyewe.

Katika kazi hiyo yote zinajitokeza hatua tatu. Ya kwanza ni kutenganisha: sauti iliyofumwa na ala nyingi hufumuliwa ili kila uzi usikike peke yake. Ya pili ni kulinganisha: kilichomo huwekwa kando ya ambacho kingeweza kuwamo. Ya tatu ni kuunganisha upya, ili msikilizaji ausikie muziki ule ule kwa sikio jipya. Lugha inayotumika ni ya kila siku, na istilahi za kitaalamu huingizwa pale tu ambapo sikio limekwisha kuzihitaji.

Mfano wa Simfonia ya Tano unaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila shida. Simfonia hiyo, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1808, huanza kwa sauti nne: tatu fupi na moja ndefu. Mwalimu wa kwaya wa Kijitonyama au wa Mbagala anayetumia majina ya do-re-mi angeziandika mi mi mi do, kisha re re re ti. Hizo sauti nne ndizo kiini. Kila mara kiini hicho kinarudi kikiwa kimeshushwa, kimepandishwa, kimerefushwa au kimepokezanwa na ala nyingine, lakini mapigo yake, matatu mafupi na moja refu, yanabaki yakitambulika. Mwanakwaya ambaye hajapata kuingia katika ukumbi wa simfonia anaweza kuyagonga mezani kwa vidole, na kuanzia hapo ameanza kuchambua.

4. Muundo wa Wimbo wa Dansi

Je, wimbo wa dansi wa Dar es Salaam unaweza kufumuliwa kwa njia hiyo? Bendi zilizohusika zinajulikana. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kadiri chama hicho kilivyobadilika, bendi nayo ikaitwa Juwata, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Vijana Jazz, iliyoongozwa kwa muda mrefu na Hemedi Maneti, ilikuwa bendi ya umoja wa vijana wa chama tawala na makao yake yalikuwa Kinondoni. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Kumbi za DDC zilikuwapo Kariakoo, Magomeni Kondoa na Keko, na huko Chang'ombe ukumbi wa TCC ulikutanisha wapenzi kutoka pande zote za Temeke. Remmy Ongala na Super Matimila waliifanya Sinza ijulikane kwa jina lake.

Wimbo wa kawaida wa bendi hizo una sehemu mbili kuu. Sehemu ya kwanza ni ya mwendo wa wastani, nayo ndiyo inayobeba kisa. Mwimbaji anaeleza, kiitikio kinampokea, na saksafoni na tarumbeta zinajaza nafasi baina ya beti. Sehemu ya pili huitwa chemko. Hapo mwendo unachangamka, maneno yanapungua na kurudiwarudiwa, na ala zinatawala. Jina lenyewe ni uchambuzi tosha: linatokana na kuchemka, na linamwambia msikilizaji kwamba moto uliokuwa chini ya chungu tangu mwanzo sasa umefikia kazi yake.

Ndani ya sehemu hizo magitaa hayapigi jambo moja. Gitaa la rithimu hushika mchoro mfupi unaojirudia. Gitaa la solo humjibu mwimbaji, na katika chemko huongoza. Baina yao huwapo gitaa la solo la pili, linalofuma mchoro wake katika nafasi zinazoachwa na yale mengine mawili. Besi huweka msingi, nayo mara nyingi huacha pigo ambalo sikio lilikuwa likilitarajia. Nafasi hiyo tupu ndiyo inayomfanya mchezaji ainue mguu. Tumba na dramu hufunga yote pamoja. Msikilizaji anayesikia gitaa moja kubwa linalotiririka, kwa hakika anasikia magitaa matatu yanayopokezana. Kumtenganishia magitaa hayo, moja baada ya jingine, kunafanya kazi ile ile iliyofanywa na sakafu ya Omnibus.

Maneno yaliyotumika katika aya mbili zilizotangulia hayakutungwa na kamati. Chemko, solo, rithimu, kupokea, kujibu, kujaza, kufuma na kuacha ni maneno ya kazi. Baadhi yametoholewa na mengine yana asili ya Kibantu, lakini yote yanaeleweka katika mazoezi ya bendi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya isimu na lugha na nyingine ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi ya namna hiyo katika muziki isingehitaji kuanzia mezani. Ingeanzia ukumbini.

5. Besi Inayorudi: Brahms na Chemko

Ulinganishi wenye manufaa zaidi unapatikana katika Simfonia ya Nne ya Brahms, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mjini Meiningen mwaka 1885. Sehemu yake ya nne imejengwa juu ya mfululizo wa sauti nane, kila sauti ikichukua hatua moja ya mapigo. Mfululizo huo, ambao Brahms aliuchukua na kuugeuza kutoka katika utungo wa Bach, unarudi mara thelathini, na kila mara juu yake kunajengwa jambo jipya: mara ukali, mara huzuni ya filimbi iliyo peke yake, mara utulivu wa tromboni. Asiyeujua mfululizo huo husikia matukio mengi yasiyo na uhusiano. Anayeujua husikia nyumba moja ikipambwa mara thelathini.

Chemko nayo inategemea kanuni hiyo ya kurudia na kugeuza. Mchoro mfupi wa rithimu na besi unarudi bila kuchoka, na juu yake gitaa la solo linaleta sentensi mpya, ala za kupuliza zinaingia na kutoka, waimbaji wanarusha vibwagizo. Mkosoaji anayesema kwamba chemko haina kitu kwa kuwa inarudiarudia anafanya kosa lile lile la mtu anayesikiliza Brahms bila kuisikia besi. Kinachorudi ni ardhi, na jengo lazima litafutwe juu yake.

Tofauti zipo, na si vyema kuzificha. Mageuzi ya Brahms yameandikwa, na hayabadiliki kutoka usiku mmoja hadi mwingine. Katika dansi, urefu wa chemko hutegemea ukumbi: wachezaji wakikolea, kiongozi huirefusha. Ishara ya kubadili hutolewa kwa dramu, kwa gitaa au kwa jicho, na wapigaji huielewa kutokana na mazoezi. Aidha, wasikilizaji wa simfonia huketi kimya, ilhali wale wa dansi huchambua kwa miguu. Watu wanaoinuka vitini kwa pamoja mara besi inapogeuka wameutambua mpaka wa muundo kwa usahihi, ingawa hawakuulizwa wautaje.

6. Swali la Asili: Dvořák na Sikinde

Katika kuieleza simfonia ya Dvořák, Bernstein alikabili swali ambalo wapenzi wa dansi wanalijua vyema: muziki huu ni wa nani? Dvořák, mzaliwa wa Bohemia, aliongoza chuo cha muziki mjini New York kuanzia mwaka 1892 hadi 1895, na simfonia yake ilipopigwa huko tarehe 16 Desemba 1893 ilipokewa na wengi kama muziki wa Kimarekani. Bernstein aliichambua kauli moja baada ya nyingine, akaonyesha kwamba nyingi zina mizizi ya Ulaya, na kwamba ngazi ya sauti tano iliyodhaniwa kuwa alama ya Marekani inapatikana kwa watu wengi duniani. Hakuishusha hadhi simfonia hiyo kwa kusema hivyo. Alikataa tu isifiwe kwa sababu isiyo ya kweli.

Dansi ya Dar es Salaam imekuwa ikihukumiwa kwa upande wa pili wa swali hilo hilo. Imesemwa mara kwa mara kwamba ni nakala ya muziki wa Kongo, na kwamba wa Kongo nao ni nakala ya santuri za Kuba. Bendi zilijibu kwa majina ya mitindo yao. Msondo ni jina la ngoma ndefu inayojulikana katika sherehe za pwani. Sikinde ya Mlimani Park ni jina la ngoma ya Wazaramo, na bendi ikajiita Sikinde ngoma ya ukae, yaani ngoma ya nyumbani. Mwaka 1985 baadhi ya nguzo za Mlimani Park, wakiwamo Muhidin Maalim Gurumo, Hassani Bitchuka na Abel Balthazar, walipohamia Orchestra Safari Sound, walihitaji jina jingine la mtindo, nalo likawa Ndekule.

Hata hivyo, jina la mtindo halithibitishi asili, kama ambavyo jina Dunia Mpya halikuithibitisha simfonia kuwa ya Kimarekani. Uthibitisho unatakiwa usikike. Mchambuzi angepaswa kuchukua mapigo ya tumba katika wimbo wa Sikinde na kuyaweka kando ya mapigo ya ngoma yenyewe. Kuchukua mchoro wa gitaa na kuuweka kando ya rumba ya Kongo. Kisha kuchunguza namna lafudhi ya Kiswahili, yenye mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, inavyoielekeza sauti ya mwimbaji kupanda na kushuka. Kinachoelekea kuonekana ni wimbo wenye wazazi wengi na tabia yake yenyewe. Ubishi kuhusu uzalendo wa muziki ungepata ushahidi badala ya hisia.

7. Rekodi Zisizo na Mfafanuzi

Kwa miaka mingi studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, katika Barabara ya Pugu ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, ndiyo iliyorekodi sehemu kubwa ya muziki wa dansi nchini. Rekodi hizo zilifanywa kwa ajili ya utangazaji. Wimbo ulimfikia msikilizaji hewani, bila jalada la santuri lenye maelezo nyuma yake. Aidha, maneno ya nyimbo yalipitiwa kabla ya kukubaliwa, na wimbo wa Remmy Ongala, Mambo kwa Soksi, uliohusu matumizi ya kondomu, ulinyimwa nafasi hewani. Hivyo redio iliyachunguza maneno kwa makini, kama wachambuzi wa fasihi walivyokuja kufanya. Muziki ulipita mlangoni bila kuulizwa swali.

Ndani ya rekodi hizo, hata hivyo, mna mbegu ya ufafanuzi. Chemko inapoanza, mara nyingi husikika sauti ikiita: jina la mpiga gitaa, jina la mtindo, neno la kumhimiza mpiga tumba. Sauti hizo zimezoeleka kuchukuliwa kuwa pambo la kuchangamsha. Zikisikilizwa kwa makini, zinaonekana kufanya kazi mahususi: zinaligeuza sikio la msikilizaji lielekee ala inayokuja. Anayeita jina la mpiga solo muda mfupi kabla ya solo kuingia ametenganisha uzi mmoja katika kitambaa na kumwonyesha msikilizaji. Ametamka kwa neno moja kile ambacho Bernstein alikieleza kwa dakika kadhaa.

Mwaka 1990 uliwachukua Leonard Bernstein na Hemedi Maneti. Wa kwanza aliacha simfonia alizoziongoza, na pamoja nazo sauti yake ikizieleza. Wa pili, katika rekodi za redio, anasikika akiimba. Marijani Rajab alifariki mwaka 1995, Remmy Ongala mwaka 2010, na Gurumo mwaka 2014. Kila mmoja wao aliketi katika mazoezi ambamo toleo moja la wimbo lilikataliwa na jingine likakubaliwa, na sababu zikatolewa kwa Kiswahili. Beethoven aliandika rasimu zake, na kwa hiyo Bernstein alizikuta zaidi ya miaka mia moja baadaye. Rasimu za dansi zilikuwa za mdomo. Makazi yake pekee ni kumbukumbu za waliokuwapo.

8. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba maelezo ya mdomo ya kiongozi wa okestra yana utaratibu unaoweza kufuatwa: kutenganisha, kulinganisha na kuunganisha upya. Imeonyesha pia kwamba wimbo wa dansi unastahimili uchambuzi wa namna hiyo, na kwamba istilahi za msingi, kama vile kiini, kauli, chemko, kupokezana na kufuma, zinapatikana katika lugha iliyopo.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, uchambuzi wa wimbo katika idara za Kiswahili uambatane na maelezo ya ala na muundo, hata kama ni kwa ufupi. Pili, wapigaji wa bendi kongwe walio hai waketishwe mbele ya rekodi zao wenyewe. Kanda isimamishwe kila wanapotaka kusema, na maneno yao yahifadhiwe yalivyo, bila kusanifishwa kabla ya wakati. Tatu, istilahi zitakazopatikana zikusanywe kutoka huko na kupelekwa katika kamusi, badala ya kutafsiriwa kutoka katika vitabu vya kigeni na kupelekwa kwa wanamuziki ambao tayari wana maneno yao.

Kati ya kazi hizo ya pili ndiyo ya haraka. Istilahi zaweza kungoja kikao cha mwakani na kamusi toleo lijalo, lakini mpiga rithimu aliyeijua sababu ya besi kunyamaza katika pigo fulani ana umri wake.